Kukaribia Matarajio

Kiti cha Jaduong' kilikuwa karibu na dirisha. Katika chumba chetu cha walimu, upande wa Mbita, kaunti ya Homa Bay, hakuna aliyekikalia hata siku mwenyewe alipokuwa matangani au hospitalini. Jaduong' ndivyo huku tunavyomwita mzee wa heshima, naye alikuwa amefundisha Hisabati na Kiswahili tangu enzi ambapo Migori na Homa Bay zilikuwa bado wilaya moja ya Nyanza Kusini. Kutoka kitini pale aliliona ziwa. Wakati wa chai ya saa nne alitueleza upepo unavuma kutoka wapi, na kama walioingia majini usiku watarudi na kitu.

Muhula wa pili mwaka 2016 kiti kile kilikaa kitupu wiki sita, ilhali mwenyewe alikuwa shuleni kila siku. Aliingia darasani, akafundisha, kisha akanywa chai yake wima, peke yake, chini ya mwarobaini. Mimi ndiye niliyemwondoa kitini.

Mwaka ule Tume ya Huduma ya Walimu, TSC, ilikuwa imeeneza kote nchini mfumo mpya wa kutathmini utendakazi wa walimu, TPAD. Kila muhula mwalimu alitakiwa kujipima katika maandalizi ya masomo, kufika kazini kwa wakati, usalama wa watoto na mengineyo, akae na msimamizi wake wakubaliane alama, kisha taarifa zipelekwe kwa mtandao. Mimi nilikuwa na tarakilishi ndogo niliyoinunua kwa mkopo wa sacco, kwa kuwa nilikuwa nikisomea shahada wakati wa likizo. Mwalimu mkuu akanipa kazi ya kuhakikisha kila mtu amejaza.

Siku ya mkutano nilisimama nikasoma majina ya waliokuwa hawajajaza. Yalikuwa matatu, la mwisho lake. Ningeishia hapo, labda yangepita. Lakini nikaongeza: "Hii kazi hata mtoto wa darasa la sita anaiweza." Wachache wakacheka. Jaduong' alifunga kalamu yake, akaitia mfukoni, akatoka polepole bila kusema neno. Maji yakimwagika hayazoleki. Kwa wiki zile sita hakukikalia kile kiti, na aliponiona njiani alinisalimu kwa adabu, lakini aliacha kuniita Nyar Migori, binti wa Migori, jina alilonipa siku nilipofika.

Nilipaswa kujua. Kwa miaka ishirini kabla ya siku ile kazi yangu mwenyewe ilikuwa imegeuzwa mara kadhaa mikononi mwangu, na kila mara niliumia.

Nilianza kufundisha mwaka 1996 katika shule moja ya Nyatike, kule Migori, karibu na machimbo ya dhahabu ya Macalder. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na miwili, na jambo la kwanza nililokabidhiwa baada ya chaki lilikuwa kiboko. Hakuna aliyeona ajabu. Sisi wenyewe tulikuwa tumelelewa nacho. Nilikitumia, na nasema hivyo kwa majuto, maana wako watu wazima leo Nyatike ambao wakikumbuka darasa la nne wanakumbuka mkono wangu.

Mwaka 2001 serikali ikapiga marufuku adhabu ya viboko shuleni. Baadaye Katiba ya 2010 na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 zikakaza fundo. Sisi tulisomewa waraka mkutanoni, tukaambiwa anayekaidi atajibu mwenyewe, mkutano ukaisha. Kiboko hakikuondoka shuleni. Kilihama tu kutoka mezani hadi nyuma ya kabati.

Kwa muda mrefu nilidhani tulifanya vile kwa ukatili au kwa ukaidi. Nikitazama nyuma, naona jambo jingine. Waraka ulituambia tusifanye nini, lakini haukugusa ile dakika moja inayomtisha kila mwalimu kijana: mtoto amekataa kukaa, wenzake sitini wamenyamaza wanakutazama, na wewe huna kitu mkononi. Sheria ilikuwa ya haki kabisa, lakini ilichukua chombo ikatuachia kazi ile ile. Mwenye kunyang'anywa jembe bila kuonyeshwa plau atalifuata jembe lake usiku.

Aliyenifundisha kuishi dakika ile hakuwa afisa. Alikuwa mama mmoja aliyefundisha darasa jirani, ambaye sikuwahi kumsikia akipaza sauti. Nilimwomba nikae nyuma ya darasa lake. Mtoto alipoleta fujo, alimwendea, akashusha sauti badala ya kuipandisha, akampa kazi ya kugawa vitabu. Ndiyo yote. Nilijaribu kesho yake, nikashindwa. Nikajaribu tena. Mwezi wa tatu wa kujaribu niliacha kutazama nyuma ya kabati.

Kisha ikaja Januari 2003. Serikali ya Mwai Kibaki, ikiwa madarakani kwa siku chache tu, ilitimiza ahadi ya elimu ya msingi bila malipo. Nchini kote idadi ya wanafunzi wa shule za msingi ilipanda kutoka takriban milioni 5.9 hadi milioni 7.2 katika mwaka mmoja. Takwimu hizo nilizisoma baadaye gazetini. Nilichokiona kwa macho ni watoto tisini na saba mbele yangu, madawati ya thelathini, na wavulana wenye sharubu changa waliotoka kusafisha mchanga wa dhahabu na mama zao wakaja kukaa darasa la tatu na wadogo zao.

Chumbani mwa walimu tulilalamika, na malalamiko yetu yalikuwa ya kweli. Lakini nilianza kuona kwamba walimu wenye ujuzi mkubwa ndio walioumia zaidi, kuliko sisi wachanga. Mwalimu mmoja aliyesifika wilayani kwa kusahihisha kila daftari kila siku alikuwa akienda nyumbani na gunia la madaftari kwenye baiskeli, na kurudi asubuhi macho mekundu. Aling'ang'ania, kwa sababu kusahihisha kila daftari ndiko kulikomfanya awe yeye. Alipokubali mwishowe kuwagawa watoto katika makundi, wale wakubwa wa machimboni wakiwasaidia wadogo, alinieleza kwamba alihisi kama amewaibia wazazi. Mabadiliko yale, kwetu sisi mpango mpya tu wa kazi, kwake yalikuwa msiba. Mfiwa hahutubiwi. Huketiwa naye.

Mwaka 2009 nilihamia Homa Bay kwa sababu za ndoa. Matatu ilinipitisha kwenye miwa ya Awendo, ikanivusha Rongo na Rodi Kopany, ikateremka hadi pale ambapo ziwa linajitokeza ghafla upande wa mbele. Mwendo wa saa chache tu, na lugha ya watu ni Kijaluo kile kile, lakini shule ilikuwa nchi nyingine. Hapa kilichowaita watoto kutoka darasani ni ufuo. Omena huvuliwa usiku wa giza, taa zikielea majini kuwavuta samaki, na mwezi ukipevuka wavuvi hupumzika. Nilidhani watoto wangu wana uvivu wa msimu, hadi Jaduong' aliponionyesha kalenda ya ukutani na kuniambia nilinganishe rejista yangu na mwezi. "Nyar Migori," aliniambia, "usimkasirikie mtoto kwa kuwa hujui usiku wake." Huyo ndiye mtu niliyekuja kumwaibisha miaka saba baadaye.

Katika masomo yangu ya likizo nilisoma habari za Kurt Lewin, mtaalamu wa saikolojia aliyekimbilia Marekani kutoka Ujerumani ya Hitler. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili vya Dunia alitaka kujua jinsi ya kuwashawishi akina mama wa jimbo la Iowa wapike nyama za ndani, moyo na figo, ambazo hawakuzizoea. Kundi moja lilipewa hotuba nzuri yenye sababu zote. Kundi jingine liliketi likajadiliana lenyewe shida za upishi ule na kuamua kwa pamoja. Waliohutubiwa, ni 3 tu katika kila 100 waliokwenda kupika. Walioketi wakazungumza walikuwa 32. Niliandika insha juu ya utafiti huo, nikapata alama nzuri. Muhula uo huo nilisimama mkutanoni nikasoma majina matatu. Elimu inaweza kukaa kichwani kwa mtu isishuke mdomoni.

Wiki ya saba nilimfuata Jaduong' chini ya mwarobaini. Nilimwambia nimemkosea, na kwamba nilimkosea mbele ya watu, kwa hiyo nitamwomba radhi mbele ya watu. Alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akasema jambo ambalo sikulitarajia. Tathmini yenyewe hakuwa na neno nayo. Maisha yake yote alikuwa akijipima kwa ukali kuliko fomu yoyote. Shida ni kwamba hakuwahi kushika kipanya cha tarakilishi. Alikuwa amekwenda mara mbili kwenye saiba, duka la mtandao, kule Mbita mjini, akamkuta anayehudumu ni kijana aliyemfundisha mwenyewe kusoma. Mara zote mbili aligeuka akarudi. Hakuweza kumruhusu mtoto yule aone vidole vyake vikitetemeka.

Nilimwomba radhi mkutanoni kama nilivyoahidi. Tulijaza fomu yake pamoja, jioni, chumba kikiwa hakina mtu, yeye akibonyeza na mimi nikiwa nimeweka mikono yangu mapajani ili nisimpokonye. Ilichukua saa mbili. Muhula uliofuata ilichukua dakika arobaini. Wa tatu hakuniita.

Samaki mkunje angali mbichi: msemo huu nimeusikia mara nyingi katika vyumba vya walimu, na huku kwetu penye samaki wakavu unasemwa kwa uhakika zaidi. Hutumiwa juu ya watoto, lakini pia juu ya wazee: huyo ameshakauka, mwache astaafu. Mimi siuamini tena unaposemwa juu ya watu wazima. Mtu si samaki. Kinachomkausha mtu mzima ni aibu kuliko miaka. Ukimwondolea aibu, hulainika akiwa na miaka hamsini na minane. Ukimzidishia, hukauka akiwa na ishirini na tano.

Kukauka huko nilikuthibitisha mwilini mwangu. Mwaka 2019 Mtaala wa Umilisi, CBC, ulianza rasmi katika madarasa ya chini, na Januari 2020 ukafika Gredi ya 4, darasa nililopewa mimi. Nilikuwa nimehudhuria mafunzo ya siku chache. Nilirudi na vitabu vya mwongozo na hofu. Kwa miaka zaidi ya ishirini nilijua kumwandaa mtoto kwa mtihani wa kumaliza shule ya msingi, KCPE, kama mvuvi anavyojua nyavu zake. Sasa niliambiwa nisiulize mtoto anakumbuka nini bali anaweza kufanya nini. Wazazi walininung'unikia juu ya gharama za kuchapisha picha na kutafuta vifaa. Mimi, niliyekuwa hodari wa mitambo, nililia siku moja ndani ya stoo ya vitabu.

Shule zikafungwa katikati ya Machi kwa sababu ya korona. Oktoba 12, Gredi ya 4 ilirudi pamoja na darasa la nane na kidato cha nne. Wiki hiyo nilikuwa na somo kuhusu shughuli za kiuchumi za mazingira yetu, na mwongozo ulitaka watoto watengeneze kitu. Sikujua kutengeneza chochote. Nilikwenda kwenye kiti cha dirishani, wakati wa chai, wenzangu wote wakiwapo, nikasema, "Jaduong', mimi somo hili silijui."

Hakucheka. Kesho yake alikuja na matete aliyoyakata ufuoni. Aliketi kwenye dawati dogo la mtoto, barakoa usoni, akawaonyesha jinsi baba yake alivyosuka mgono wa kunasia samaki. Mvulana mmoja ambaye tangu Januari hakuwa amesema maneno kumi darasani alinyanyuka akamsahihisha mahali. Miezi ile ya kufungwa kwa shule alikuwa akikesha ziwani na mjomba wake. Jaduong' alimpisha, akasema, "Haya, mwalimu, endelea." Kijana akaendelea kwa nusu saa. Niliandika kwenye kitabu changu cha tathmini, na kwa mara ya kwanza nikaelewa nilichokuwa nikiandika.

Maana mtaala huu hauna neno amefeli. Una ngazi nne: kuzidisha matarajio, kufikisha matarajio, kukaribia matarajio, na mbali na matarajio. Nilipozisikia mara ya kwanza niliona ni kupaka makosa asali. Siku ile ya mgono nilielewa kwamba neno kukaribia lina mwendo ndani yake. Linamwambia mtoto kwamba yuko njiani na kwamba tunamwona akitembea. Nikajiuliza kwa nini sisi walimu, tuliokabidhiwa neno hilo tuwape watoto, hatukuwahi kupeana wenyewe kwa wenyewe. Ndani ya chumba cha walimu ama unajua ama hujui, na asiyejua huficha. Tulijenga shule ambamo mtoto anaruhusiwa kukosea na mwalimu wake haruhusiwi.

Jaduong' alistaafu mwaka 2021, akiwa na miaka sitini. Mgono ule uko darasani hadi leo.

Jaribio kubwa lilikuja Januari 2023, Gredi ya 7 ilipofunguliwa ndani ya shule za msingi. Wakati huo nilikuwa naibu wa mwalimu mkuu. Tukapokea walimu vijana wa Sekondari Msingi, wenye shahada, wengi wao wanagenzi waliokuwa wakilipwa shilingi 20,000 kwa mwezi kabla ya makato. Walikuta shule haina maabara, na msichana aliyesomea Kiswahili na Historia akajikuta akiambiwa afundishe somo la ufundi. Kati yao na walimu wa msingi pakaingia ukuta. Wa msingi walisema vijana wana kiburi cha digrii. Vijana walisema hawakuajiriwa wawe chini ya shule ya msingi. Wakajitenga kwenye darasa moja tupu, na shule ikawa na mabirika mawili ya chai. Mwaka 2024, walimu wanagenzi walipogoma nchini wakidai ajira ya kudumu, baadhi ya walimu wetu walitikisa kichwa, wakiwa wamesahau migomo waliyoishiriki wao.

Safari hii sikusoma majina. Nilikwenda kwenye birika la pili nikaomba kikombe. Niliwauliza ni nini kinachowashinda, nikaanza kwa kutaja kinachonishinda mimi. Tukakubaliana juu ya kitu kidogo: Ijumaa, baada ya chakula cha mchana, nusu saa, birika moja. Kila wiki mwalimu mmoja analeta jambo moja lililomshinda darasani. Hakuna anayeandika, na halipelekwi kwa mkuu. Ijumaa tatu za kwanza zilikuwa za ukimya mzito. Ya nne, mwalimu wa darasa la awali, mama wa makamo, alieleza jinsi asivyoweza kumtuliza mtoto anayelia tangu babake azame ziwani. Kijana wa Sayansi, yule aliyesemwa kuwa na kiburi, akasema na yeye alifiwa hivyo akiwa na miaka mitano, na akaeleza mwalimu wake alimfanyia nini. Baada ya hapo sikuhitaji kuwaita watu.

Siwezi kudai kwamba ukuta ulianguka wote. Bado wako wanaokunywa chai yao pembeni, na mishahara haikupanda kwa sababu tulizungumza. Mazungumzo hayawezi kuwa badala ya maabara, wala badala ya ajira ya haki, na kiongozi anayeyatumia hivyo anawadhulumu watu wake. Lakini nimeona mageuzi mengi yenye fedha na magari yakifia mlangoni mwa darasa, na nimeona mageuzi magumu yakiingia bila fedha, kwa sababu mtu mmoja aliketi kando ya mwenzake akavumilia kumwona akikosea.

Kwa hiyo nawaomba wanaoandika nyaraka kule Nairobi, na wakuu wanaozisoma mikutanoni Migori na Homa Bay: kila mnapoleta jambo jipya, ulizeni mambo mawili. Mwalimu huyu anapoteza nini kwa hili jipya, ambacho hadi jana kilimfanya aheshimike? Na ni wapi atakapokosea kwanza bila mtu kumcheka? Pakikosekana jibu la swali la pili, jambo hilo litakaa nyuma ya kabati, kama kiboko chetu.

Mwaka 2025, Gredi ya 9 ya kwanza ilipokaribia tathmini yake ya kitaifa, ilitubidi kupakia alama za wanafunzi kwenye mtandao wa baraza la mitihani. Mfumo ulikuwa umebadilika, haukuwa tena ule niliouzoea. Nilibonyeza, nikarudi, nikabonyeza tena. Nilikuwa na miaka hamsini na moja, na macho yangu yalihitaji miwani niliyokuwa nimeiacha nyumbani. Chumba kilijaa walimu, wakubwa na wadogo. Nilihisi ule moto wa aibu ukipanda shingoni, na nikamkumbuka mzee mlangoni pa saiba ya Mbita, akigeuka kurudi.

"Hapa nimekwama," nilisema kwa sauti. "Nani atanionyesha?"

Yule msichana wa Kiswahili na Historia alivuta kiti chake hadi kando yangu. Aliketi, akaiweka mikono yake mapajani, akasubiri nibonyeze mimi.